Nusu Iliyorudi Khayega

Kila muhula wa pili mimi huandika ubaoni herufi kubwa na herufi ndogo, kisha huchora mraba na kuugawa vyumba vinne. Wanafunzi wa kidato cha nne hulipenda somo hili la urithi wa viumbe. Linafanana na hesabu, nalo halina majina ya Kilatini ya kukariri. Mvua ya alasiri ya Kakamega hupiga mabati hadi sauti yangu inapotea, nao huendelea kujaza vyumba vyao wenyewe na kupata jibu lilelile ninalolipata mimi. Mwaka huu msichana mmoja wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, sasa mtu akishajua, anafanya nini?" Nilimjibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Ni kweli, halimo.

Baba yangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupata shamba Lugari Wazungu walipoondoka. Kwetu kwa zamani, kwenye vilima vya kusini, ardhi ilikuwa imegawanywa mara nyingi mno hivi kwamba ng'ombe wetu akijinyoosha, mkia wake ulikuwa kwa jirani. Lumakanda, huko Lugari, ilikuwa kitu kingine. Mtu aliweza kusimama mlangoni asione mwisho wa mahindi yake. Watu walikuja kutoka kila upande na lugha zao na makanisa yao, na kila mmoja alilizunguka shamba lake jioni kana kwamba kesho lingeondolewa. Baba hakuwa mtu wa kuimba nyimbo za uhuru. Alisema uhuru ni mbegu na udongo, mengine ni ya redio.

Kuhusu mbegu alikuwa na fundisho lake, na alilitoa kwenye kila harusi aliyoalikwa. "Mwanamume ni mbegu, mwanamke ni shamba. Ukipanda mtama, shamba haliwezi kukupa wimbi." Wazee walipiga makofi. Nikiwa bado shule ya upili nilimuuliza kwa nini basi mimi nina masikio ya mama, yaleyale, yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria. Aliyatazama masikio yangu, akamtazama mama, akasema, "Shamba lenye mawe huchubua viazi." Wote walicheka, mama akiwemo. Mimi nilibaki na swali langu. Tangu siku hiyo sijasikia fundisho lolote, la mzee, la mhubiri au la waziri, bila kutafuta ni masikio ya nani yaliyosahauliwa.

Na mbegu zenyewe, zile za mahindi, hazikuwa kazi ya baba hata kidogo. Zilikuwa za mama. Baada ya mavuno alikaa uani, rundo limemfika mabegani, akaokota mahindi makubwa yenye mistari iliyonyooka, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko. Moshi uliyafanya meusi, na fukusi hawakuthubutu kuyasogelea. Msimu wa kupanda ulipofika aliyashusha na kupukuchua sehemu tatu. Punje za kichwani zilikuwa za kuku, za kitakoni zilikuwa za uji, na za katikati ndizo zilizorudi shambani. Alifundishwa na mama yake, naye alifundishwa na wake.

Kaka yangu mkubwa alioa binti kutoka Khayega, upande wa Kakamega. Mke wake aliniita mulamwa, kama wanawake wa kwetu wanavyomwita ndugu wa mume, na kati yetu palikuwa na utani ule unaoruhusiwa.

"Mulamwa, wewe utaolewa na vitabu," aliniambia nilipokuja likizo.

"Afadhali. Vitabu havinipikii obusuma, huo ugali wako wenye mabonge."

"Mabonge ni ya meno ya wanaume. Wewe mezea maji."

Alicheka akiwa ameinama, mkono kiunoni, na ungeweza kuusikia mcheko wake kutoka kisimani. Kisha mtoto wake wa kwanza alianza kuvimba mikono na miguu kila mvua za baridi zilipokuja. Alilia kilio kikavu ambacho hakikubembelezeka, macho yakawa ya manjano, na kabla hajajua kutembea vizuri alikufa. Wa pili alifuata njia hiyohiyo. Wa tatu alikuwa msichana, na alipovimba vidole kwa mara ya kwanza sikumsikia tena shemeji akicheka hadi kisimani.

Hakuna aliyemwita mchawi. Sisi ni watu wa kanisa. Walisema tu kwamba kuna mashamba na mashamba. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye aliishi nasi tangu mumewe alipofariki, alikuwa na ulimi usiohitaji kunolewa. Alimwona shemeji akimkanda mtoto miguu kwa maji ya moto na kusema, kama anayeongea na kuku, "Kwetu watoto walikuwanga na mifupa. Sijui huko Khayega wanazaanga na nini." Shemeji aliendelea kukanda. Kaka alisikia, akachukua jembe na kwenda nyuma ya nyumba ambako hakukuwa na cha kulima.

Wakati huo nilikuwa chuo kikuu, nasoma baiolojia. Siku moja kwenye maabara tulichomana vidole. Kila mmoja aliweka tone la damu yake kati ya vioo viwili, akaziba kingo hewa isipite, akasubiri. Nilipotazama kwenye hadubini niliona chembe nyekundu za wenzangu zikiwa mviringo kama sahani. Zangu nyingi zilikuwa zimejikunja kama mundu. Mhadhiri aliangalia akaniambia nisiogope, mimi ni mzima na nitabaki mzima. Nimebeba urithi wa selimundu upande mmoja tu, upande wa pili unanilinda. Tatizo huja pale watu wawili wa aina yangu wanapozaa pamoja, maana mtoto anaweza kuchukua upande mbovu wa huyu na upande mbovu wa yule, asibaki na cha kumlinda. Aliendelea na meza iliyofuata. Mimi nilikuwa nimeshafika Lugari kwa mawazo. Kama upande huu mbovu ulinifikia mimi kutoka kwa baba au kwa mama, ungeweza kumfikia kaka vilevile. Na watoto wa yule binti wa Khayega hawakuugua kwa sababu ya shamba.

Nilirudi na shahada nikiwa na furaha ya kijinga, ya mtu anayerudi na dawa.

Nilikuta baba amepigwa na mahindi. Mwaka uliotangulia alikuwa amepanda haibridi, ile mbegu mpya iliyosifiwa kila baraza, na ilizaa mpaka ghala likafurika. Basi mama alifanya alichofanya siku zote. Aliokota mahindi mazuri kuliko yote, akayafunga, akayaning'iniza, akapanda punje za katikati. Shamba lililoota lilikuwa aibu. Mmea mmoja mrefu, mwenzake mfupi, huyu amebeba mawili, yule hana hata la kuonja. Lilionekana kama watu waliokuja kwenye mkutano wa hadhara, kila mtu na kwao. Baba alimlaumu mwenye duka, akamlaumu jirani ambaye ng'ombe wake walipita hapo, kisha kwa wiki nzima alimwangalia mama bila kusema kitu. Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akasema mbegu hiyo hununuliwa upya kila mwaka, akaondoka.

"Mbegu isiyozaa mfano wake," baba aliniuliza, "hiyo ni mbegu au ni mzaha wa Mzungu?"

Hilo nililiweza. Nilichukua hindi moja kwenye akiba ya mama, lile la kienyeji lenye punje za manjano na nyeupe zimechanganyika. Nikamweleza kwamba kila punje ina baba na mama. Chavua ndiyo baba, hupeperuka kutoka juu ya mmea na kutua kwenye nywele za hindi. Kila mzazi anatoa nusu. Punje iliyopata manjano kwa mmoja na weupe kwa mwingine huonekana ya manjano tu, lakini weupe haujafa, umejificha. Ukiipanda punje hiyo katikati ya wenzake wa aina hiyo, weupe utatoka tena kwa baadhi ya watoto. Haibridi ni mtoto wa wazazi wawili waliotofautiana sana. Watoto wote hufanana, na huwa na nguvu. Wajukuu ndio hugawana urithi kila mmoja kivyake. Mama alichagua vizuri kwa macho, lakini macho hayaoni nusu iliyojificha.

Baba alilizungusha hindi mkononi muda mrefu. "Kwa hiyo mama yako hakuharibu."

"Hakuharibu."

"Na hii nyeupe ilikuwa ndani muda wote."

"Muda wote."

Alitikisa kichwa, akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu baba kunisikiliza hadi mwisho wa sentensi. Ningeacha hapo. Lakini mama alikuwa amesikia kutoka jikoni kwamba hakuharibu, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu anayetua mtungi. Nikaamua kwamba kinachomtosha mama kitamtosha shemeji.

Kwa wakati huo neno lilikuwa limeshatolewa. Baada ya mavuno kaka angetafutiwa mke mwingine, na wa Khayega angerudishwa kwao. Kaka peke yake ndiye aliyekataa. Alikataa kwa namna yake, kwa kutojibu, kwa kusema "ni bahati mbaya tu, itageuka," na kwa kuchelewa kurudi kutoka shambani kila wazee walipokuja.

Niliwachukua kaka, mkewe na mtoto, tukaenda hospitali mjini Kakamega. Kaka alilalamika njia nzima.

"Mimi siumwi. Damu yangu ya nini?"

"Ya kusaidia."

"Wewe ulienda kusoma ili uje kunichoma sindano?"

"Sindano tu mulamwa, anaogopa!" shemeji aliniambia mimi, akimtania mumewe. "Mimi nimezaa mara tatu, hata sikulia. Yeye kidole kimoja anataka kulia."

Fundi wa maabara alikuwa mtu mpole aliyechoka. Alifanya kama tulivyofanya chuoni, damu kati ya vioo, kingo zimezibwa. Tulikaa kwenye benchi. Aliporudi alimruhusu shemeji atazame, kwa sababu aliomba, na nadhani hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kumwomba. Aliinamisha kichwa juu ya hadubini, jicho moja amelifunga kwa kiganja.

"Hii ni yangu?"

"Hiyo ni ya mume wako."

Fundi akabadilisha kioo. Akatazama tena.

"Zinafanana," alisema.

Alisema hivyo mara kadhaa tukitoka nje, mara nyingine kwangu, mara nyingine kwa mtoto mgongoni. Zinafanana. Sokoni alinunua ndizi mbivu na kunilazimisha nile mbili. Karibu na kituo cha mabasi alicheka kitu ambacho sikumbuki, akiwa ameinama, mkono kiunoni. Kaka alitembea nyuma yetu, kidole chake mdomoni.

Jumapili baada ya kanisa nikaomba tukae. Baba kwenye kiti chake, shangazi kwenye mkeka, mama karibu na mlango wa jikoni, kaka ukutani. Shemeji alisimama kizingitini na mtoto, kwa sababu jambo lilimhusu yeye na hakuna aliyemwambia akae. Nilichukua ungo na kumwaga punje, za manjano na nyeupe, nikaanza kuzipanga mbili mbili. Nikasema tuseme manjano ni afya na nyeupe ni ugonjwa.

"Sasa nyeupe ndiyo ugonjwa?" shangazi akadakia. "Na sisi ndiyo tunakulanga kila siku?"

"Ni mfano tu, shangazi."

"Tutakufa basi. Endelea."

Nikaendelea. Kaka ana moja ya manjano na moja nyeupe. Mkewe vilevile. Kila mtoto anachota moja huku na moja huku, bila kuchagua, na kila mimba ni bahati nasibu mpya. Kati ya njia nne zinazowezekana, moja humpa mtoto nyeupe mbili. Huyo ndiye anayeumwa. Nikasema nusu ya ugonjwa ilitoka Khayega na nusu ilitoka ndani ya nyumba hii. Kuku mmoja alikuwa ameingia, akadokoa punje nyeupe kwenye ungo na kuimeza.

"Haya," baba akasema, "ingokho imemaliza ugonjwa. Twende tukale." Hata kaka alitabasamu.

Nikangoja wanyamaze, nikasema, "Mimi pia ninayo. Niliona damu yangu mwenyewe."

Hapo hapakuwa na kicheko. Mama aliniangalia, si usoni, kifuani, kana kwamba ingeonekana kupitia shati.

"Lakini wewe ni mzima," baba akasema.

"Ndiyo. Na kaka ni mzima. Na mke wake ni mzima. Anayebeba haumwi."

"Na tulipataje?"

"Kutoka kwako, au kutoka kwa mama. Unaweza kupimwa, tutajua."

"Mimi nimewazaa, mmesimama hapa mnaniambia maneno. Kioo kitanieleza nini zaidi?" Alisogeza kiti mbele, akainama juu ya ungo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ule aliokuwa nao alipolizungusha hindi. "Nieleze tena. Hawa wawili, manjano yenye nyeupe ndani, na manjano yenye nyeupe ndani. Ndio wanatoa huyu mgonjwa."

"Ndiyo."

"Na manjano yenye nyeupe ndani, akikutana na manjano tupu?"

"Wagonjwa hawatatokea."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Baadhi watabeba tu, kama mimi."

"Kubeba si kuumwa, umesema."

"Si kuumwa."

Jibu lilikuwa limeshatoka mdomoni ndipo nikaona mahali lilipokuwa likienda. Baba aliegemea nyuma, akaweka mikono juu ya magoti.

"Basi hata mimi sioni tena sababu ya kelele," alisema. "Shangazi yenu aache maneno yake ya mashamba. Huyu binti hana kosa. Kijana amesema na kioo kimesema. Lakini wawili hawa hawawezi kuzaa pamoja. Atafutiwe mwingine, huyu arudi kwao kwa amani."

"Baba, kama hana kosa, anarudishwa kwa nini?"

"Nani amesema kosa? Wewe mwenyewe umenifundisha. Mbegu hailaumiwi. Inabadilishwa."

"Kati ya watoto wanne, watatu wanaweza kuwa wazima."

"Wewe ungepanda ekari nne ukijua moja itaungua?"

"Huyu si ekari."

"Nilidhani hata wewe ulisema ni punje," akasema baba, na shangazi akacheka puani.

"Basi mbadilishe kaka. Nusu ni yake."

"Ulisema ukibadilisha upande mmoja inatosha."

Nilikuwa nimesema. Ilikuwa sahihi, na ingalikuwa swali la mtihani angepata alama zote. Nimebishana na makasisi, na wahadhiri, na vijana wa chama waliokuja chuoni kutuambia kwamba kuuliza ni usaliti. Sijawahi kukutana na hoja iliyonifunga mdomo kama hii, kwa sababu kila tofali lake nililifyatua mimi. Fundisho la zamani lilikuwa uongo na lilimdhulumu. Fundisho jipya lilikuwa kweli na lilimtoa mlangoni kwa upole zaidi. Na kweli hiyo ilifanya kazi hadi ilipofika kwenye kiti cha baba, ikasimama hapo kama mbwa aliyezoeshwa.

Nilimtazama kaka aseme kitu. Alikuwa akiangalia ncha ya kidole chake. Baadaye nilimfuata kwenye josho la ng'ombe, nikamwita mwoga, na mengine.

"Wewe ulitaka nini?" aliniuliza. Hakupandisha sauti. "Kabla hujaja nilikuwa nakataa. Nilikuwa nasema ni bahati mbaya, bahati hugeuka, na mzee hakuwa na la kunijibu. Alingoja. Angengoja hata miaka. Sasa umemwambia haigeuki. Mimi nitasema nini?"

"Useme unampenda."

"Hilo ndilo nililokuwa nasema," kaka akasema, na akaenda kufungua lango la ng'ombe.

Shemeji aliondoka kabla mahindi hayajakauka. Kwetu mwanamke akirudi kwao huacha watoto. Hilo halijadiliwi, ni kama mvua kutoka juu. Mtoto ni wa ukoo, ni mbegu yetu. Nimeona watoto wakivuliwa mgongoni mwa mama zao njiani, wanaume wazima wakishika miguu midogo inayopiga teke. Shemeji alijua. Asubuhi hiyo alimwogesha msichana, akamvalisha gauni la Jumapili, akamfunga mgongoni, akasimama uani na mzigo wake kichwani. Alingoja. Alisimama muda mrefu kuliko mtu anavyosimama kuaga. Baba alikuwa amekaa mbele ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Shangazi alikuwa akipepeta maharagwe. Hakuna aliyeinuka.

Yeye mwenyewe ilibidi aulize. "Baba, nimemchukua mtoto."

"Mchukue," baba akasema, bila kuacha kuchonga. "Atakuhitaji."

Ndiyo mara pekee niliyoona ukoo wetu ukimwachia mama mtoto.

Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimebeba kikapu chake. Hatukutaniana. Msichana alikuwa amelala, shavu limebanwa mgongoni, kope zake za manjano. Tulipofika kwenye mti wa posta, pale magari yanaposimama, shemeji aliniambia, "Mulamwa, ulisema nusu na nusu."

"Nilisema."

"Nusu yangu narudi nayo Khayega. Na hii ya kwenu ninayo mgongoni. Sasa nyinyi mmebaki na nini?"

Alinipokonya kikapu, akapanda gari.

Mke mpya alitoka upande wa Mayoni, kwenye miwa. Nilisema kama ni sayansi, basi iwe sayansi, binti apimwe kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka. Baba alishangaa jinsi msomi anavyoweza kukosa adabu. Utamwombaje damu mtoto wa watu? Ungewatukana wazazi wake. Walifanya kama wanavyofanya watu wenye heshima. Waliuliza kama mama yake alizika watoto, wakamtazama mikono, meno, mwendo. Walimchagua kwa macho, jinsi mama alivyoyachagua yale mahindi ya haibridi. Ikawa bahati yao. Watoto waliozaliwa wana mashavu, wanakimbia kwenye mvua. Baadhi yao wamebeba, bila shaka, hakuna anayejua ni yupi, na siku moja wataoa na kuolewa na watu wenye mwendo mzuri. Baba huwaambia wageni, "Kijana wangu huyu alisomea mbegu za watu. Yeye ndiye aliyetuokoa." Anasema akinishika bega. Sijui kama kuna tusi alilowahi kunitukana mtu linaloingia ndani kama hilo, na yeye analisema kwa fahari.

Mimi sijaoa. Wananiuliza ninachagua nini.

Nilikuwa Lumakanda likizo ya Aprili, mvua za kupanda zimeanza, habari zilipotufikia. Alizileta mfanyabiashara wa mitumba aliyekuwa ametoka soko la Khayega, katikati ya habari nyingine, bei ya maharage na daraja lililobomoka. Alisema yule binti tuliyemrudisha amezika mtoto wake, ni zaidi ya mwezi sasa. Baba alikuwa akifungua gunia la mbegu kutoka dukani. Sasa hununua mpya kila mwaka, na huwacheka majirani wanaopanda za dari.

"Mtoto yupi?" aliuliza.

Mfanyabiashara akaeleza.

"Aa," baba akasema. "Yule wa Khayega." Akamimina mbegu kwenye kibuyu, akatoka nazo shambani.

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa akipuliza moto. Juu yake kamba za kuning'inizia mahindi zilikuwa bado zipo, nyeusi kwa masizi, hazina kitu. Sikujua alikuwa amesikia kiasi gani. Alipuliza mpaka kuni zikashika, akafuta macho kwa ncha ya leso, akasema bila kugeuka, "Ile nyeupe. Ilitoka kwangu ama kwa baba yako?"

"Sijui, mama. Yaweza kuwa yeyote kati yenu. Wakikupima, nitajua."

Nje baba alikuwa akimwita kaka aje na kamba ya kunyoosha mistari.

"Usinipime," alisema.